Kipimo cha chumvi kwa akwariamu ya maji ya bahari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwani lazima nipime? Mimi nafuata vipimo vilivyoandikwa kwenye mfuko wa chumvi.

Lazima, na sababu kubwa wala sio mfuko. Maji yanapotoka kwenye tangi kama mvuke yanaacha chumvi yote ndani, kwahiyo kila siku inayopita bila kujazia maji baridi (yasiyo na chumvi) tangi linazidi kukolea. Chukua tangi la lita 200 lililo kwenye 35 (gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji), likipoteza lita 4 kwa siku kesho yake liko 35.7, hapo hakuna anayeshtuka, ila ukiliacha siku tano umepungukiwa lita 20 na chumvi imefika karibu 39. Tangi dogo ndo balaa zaidi, lita 40 zikipoteza lita moja tu kwa siku, baada ya siku tatu uko karibu 38. Alaf kuna upande wa pili, skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) inatupa maji ya chumvi nje, ukoko unaota kwenye kingo za kioo, unabadili maji kwa ndoo ambayo hukuipima, yote hayo yanaweza kushusha chumvi polepole. Kwa macho huwezi kuona, maji ya 30 na ya 40 yote yanang'aa vilevile.

Samaki wenye mifupa wanajitahidi, miili yao inasukuma chumvi nje na wanavumilia makosa kiasi. Matumbawe, kamba, konokono, kiti cha pweza, wengi wao hawana huo uwezo, maji yakibadilika na wao ndani wanabadilika. Ndio maana mwenye samaki watupu anaweza kukaa mwaka mzima na kipimo kibovu asijue, siku akiweka kamba wa kwanza ndo anaanza kuuliza kwanini anakufa.

Namba ninayoitafuta ni ipi hasa?

35 ppt, yaani gramu 35 za chumvi ndani ya kila kilo moja ya maji ya tangi. Kwa lugha ya densiti linganifu, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi, ni 1.0264 kwenye nyuzi 25, wengi tunasema tu 1.026. Kwa lugha ya umeme unavyopita kwenye maji ni 53 mS (milisimens) kwa sentimita, nayo kwenye nyuzi 25. Hizo tatu zikae kichwani kabisa maana ni kitu kimoja kilichosemwa kwa njia tatu.

Bahari yenyewe sio sawa kila mahali, Mediterania iko kwenye 38 hivi, Bahari ya Shamu inagonga 40, Baltiki sehemu kubwa ya juu haifiki hata 10. Ila viumbe wengi wanaouzwa kwa ajili ya akwariamu wanatoka kwenye miamba yenye maji ya karibu 35, basi kaa hapo. Kati ya 34 na 36 sikosi usingizi. Kinachoumiza zaidi ni kuyumba, leo 33 kesho 36.

Mbona kuna ppt, PSU, 1.026 na mS, nifuate ipi?

Fuata moja tu, na mimi nakushauri ppt. PSU ni namba inayotokana na skeli iliyokubaliwa na wanasayansi wa bahari mwaka 1978, inalinganisha umeme unaopita kwenye maji ya bahari na ule unaopita kwenye mchanganyiko maalum wa potasiamu kloraidi, na kwa mambo yetu 35 PSU na 35 ppt ni kitu kilekile, usipoteze muda.

Ile ya 1.026 ndo inaleta vurugu, kwa sababu inategemea joto na inategemea kifaa kilitengenezwa kwa joto gani. Mtu anakwambia "niko 1.024" hujui anamaanisha nini mpaka umuulize anatumia kifaa gani. Nitarudi hapo kwenye haidromita ya kioo, kile kifaa kinachoelea majini.

Nina haraka, niambie ninunue nini.

Refraktomita ya mkono (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga) yenye skeli ya maji ya bahari, pamoja na chupa ya maji ya kukalibreti, yaani ya kurekebishia kifaa, ya 35 ppt. Vyote viwili. Kama hela inatosha kitu kimoja tu basi subiri mpaka itoshe viwili, maana refraktomita bila hiyo chupa ni kubahatisha kwa kifaa cha bei. Nimeona watu wakibadilisha vifaa vitatu wakitafuta "kile cha ukweli" wakati hakuna hata kimoja walichowahi kukilinganisha na maji wanayoyajua. Kati ya kifaa cha kawaida kilichopimwa kwenye maji ya 35 jana na kifaa cha ghali ambacho hakijaguswa tangu kitoke kwenye boksi, uamini kipi? Cha kawaida kilichopimwa jana ndo cha kuamini.

Kile cha plastiki chenye mkono unaopanda na kushuka vipi? Ni rahisi na nimeshanunua.

Naelewa, nilianza nacho pia. Unachota maji, mkono unaelea, unasoma namba. Shida iko kwenye huo mkono. Viputo vidogo vya hewa vikishika chini yake vinaunyanyua, kifaa kinasoma juu kuliko ukweli, unadhani uko 1.026 kumbe uko chini. Ukiwa huuoshi kwa maji baridi kila ukimaliza, chumvi inaganda kwenye ekseli na kwenye mkono wenyewe, unakuwa mzito, sasa kinasoma chini kuliko ukweli. Yaani kifaa hicho hicho kinaweza kukudanganya pande zote mbili kutegemea umekitunzaje.

Kwangu ilikuwa huo ukoko. Kila wiki kinanionesha 1.023, kila wiki naongeza chumvi kidogo kwenye maji ya kubadilishia, wiki inayofuata tena 1.023. Matumbawe laini yakajifunga, sio yote, yale ya juu kwanza, nikasema labda taa. Kamba akajivua gamba usiku, asubuhi nikamkuta amekufa pembeni ya gamba lake, bado mlaini. Ndo nikaazima refraktomita iliyokalibretiwa, nikadondosha tone, mstari ukakaa juu ya 40. Nilisimama pale na hicho kidude mkononi nikarudia mara tatu. Nikiuangalia ule mkono kwa karibu kwenye mwanga, kwenye kitundu cha ekseli kulikuwa na punje nyeupe ndogo kuliko kichwa cha sindano.

Kama ndo ulicho nacho kwa sasa, kiloweke kwenye maji baridi kabla ya kupima, jaza taratibu, kigonge kidogo kwa kidole ili viputo viachie, soma kikiwa mahali palipo sawa, kioshe baadae. Alaf siku ukipata maji ya 35, jaza humo, andika kwa maka kwenye plastiki pale mkono unaposimama. Hiyo alama yako ni ya kuaminika kuliko namba walizochapa kiwandani.

Na haidromita ya kioo, ile ndefu inayoelea?

Hii inadharauliwa sana na haistahili. Haina skrubu, haina betri, haina mkono wa kuganda, ikitoka kiwandani sahihi itabaki sahihi mpaka siku utakapoivunja (na inavunjika, hasa ukiiacha ielee ndani ya tangi lenye mkondo, tafadhali usifanye hivyo). Chukua ile ndefu yenye shingo nyembamba, mistari yake iko mbalimbali na unaona tofauti ndogo. Zile fupi nene zenye kipimajoto tumboni mistari imebanana mno.

Sasa lile suala la joto. Angalia kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo imeandikwa nyuzi ngapi. Kuna zinazotengenezwa kwa nyuzi 25, hizo kwenye tangi la nyuzi 25 lenye 35 ppt zitasoma 1.026. Kuna za nyuzi 15.6, ambazo ni 60 za Farenhaiti, hizo kwenye maji yaleyale kabisa zitasoma kama 1.024 na hakuna iliyokosea. Mtu asiyejua hili anaongeza chumvi kuitafuta 1.026 na anaishia na tangi la 37 au 38. Ukiwa na ya nyuzi 15.6 tumia jedwali la kubadilishia linalokuja nayo.

Kusoma: weka maji kwenye silinda ndefu ya plastiki, teremsha kioo taratibu, kizungushe kidogo kwa vidole ili viputo viachie, shusha jicho mpaka lilingane na uso wa maji. Utaona maji yamepanda kidogo yakaikumbatia shingo, hapo usisome, soma chini yake pale uso wa maji ulipo tambarare.

Refraktomita zote zinafanana kwa macho, nachaguaje?

Kwa nje ndio, zinafanana kama mapacha. Tofauti ni skeli ya ndani. Nyingi zilitengenezwa kupima maji ya chumvi ya kawaida ya mezani, ambayo ni sodiamu kloraidi tupu. Maji ya bahari yana magnesiamu, salfeti, kalsiamu na vingine, na yanapinda mwanga tofauti kidogo. Kwenye skeli ya chumvi tupu maji ya bahari ya 35 yanasoma 36.5 hivi. Kwahiyo ukiiweka sifuri kwa maji safi alaf ukafurahi kuona 35, tangi lako liko kama 33.5. Sio msiba, ila ni kosa ambalo halitoki hata upime mara mia, kila mara litakupa jibu lilelile kwa ujasiri.

Kabla ya kununua uliza kama skeli ni ya maji ya bahari au ya chumvi tupu, na kama muuzaji hajui chukulia ni ya chumvi tupu. Bado inafaa, ukiikalibreti kwa maji ya bahari ya 35 mpaka isome 35 basi pale karibu na 35, ambapo ndo unapoishi, kosa linakwisha kabisa kimatumizi.

Kingine angalia mistari isiwe imebanana, kioo cha juu kisiwe na mikwaruzo, na bisibisi ndogo iwemo kwenye boksi.

Maelekezo yanasema nikalibreti kwa maji safi. Kwanini mnasisitiza 35?

Kwa sababu kuwa sahihi kwenye sifuri hakukuhakikishii kuwa sahihi kwenye 35. Fikiria mizani inayosoma sifuri vizuri ikiwa tupu, weka kilo moja inasoma gramu 940. Ukiipima ikiwa tupu kila siku utaisifia. Refraktomita nazo ziko hivyo, kuna inayokaa sifuri sawasawa kwa maji safi na kwenye 35 ikasoma 33 au 37. Kalibreti pale unapopimia.

Utaratibu ni huu: acha kifaa na chupa vikae chumba kimoja nusu saa hivi vipate joto moja. Futa kioo, dondosha matone mawili matatu, funga kifuniko, angalia pasiwe na kiputo wala sehemu kavu. Subiri nusu dakika. Elekeza kwenye mwanga, zungusha pete ya jichoni mpaka mstari kati ya bluu na nyeupe uwe mkali. Alaf zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mstari ukae 35. Futa, rudia kwa tone jipya. Ikirudi palepale umemaliza, isiporudi ulikuwa na kiputo au joto halijatulia.

Mbona imeandikwa ATC (kifaa kujirekebisha kwa joto), si inamaana joto halina shida?

ATC inasaidia, ndani kuna kipande cha metali mbili kinachopinda joto likibadilika na kuisogeza skeli, kwa kawaida kati ya nyuzi 10 na 30. Lakini kinafuata joto la kifaa chenyewe. Ukitoka nacho juani ukaweka tone hapohapo, utapata namba ya ovyo. Ndio ile nusu dakika ya kusubiri. Usisubiri dakika tano pia, tone linakauka pembeni na chumvi inakolea ukiwa unaangalia.

Naweza kutengeneza maji ya kukalibreti mwenyewe?

Kwa refraktomita, ndio. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani kavu, ziyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji ya RO (yaliyochujwa mpaka chumvi ikatoka) au yaliyokenekwa, jumla kilo moja. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35, kwahiyo weka mstari kwenye 35. Mizani iwe inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile ya jikoni inayoruka gramu tano tano itakuharibia.

Ila sikiliza, hayo maji ni ya refraktomita TU. Usiyatumie kwa haidromita wala kwa kipimo cha umeme. Kila kifaa kinaangalia kitu tofauti, kimoja mwanga, kimoja uzito, kimoja umeme, na chumvi tupu hailingani na bahari kwa kiasi kimoja kwenye vyote vitatu. Nimeona mtu akikalibreti probu kwa mchanganyiko huu na kulalamika kwamba probu mbovu.

Refraktomita ya dijitali inastahili hela yake?

Kama macho yako hayaoni vizuri ule mstari, au nyumbani mnapima watu wawili na kila mtu anasoma yake, ndio. Zipo kama Hanna HI96822 na Milwaukee MA887, unajaza kishimo, unabonyeza, namba inatoka. Nyingi zinakalibretiwa kwa maji safi peke yake, kwahiyo usiache kupima maji ya 35 baada ya hapo, ikisoma 34 ujue ina upungufu wa moja na uandike kwenye kibandiko juu yake. Kinga kishimo kwa kiganja kama taa za tangi ziko juu yako, mwanga mkali unaingilia. Na usidanganyike na tarakimu, namba kuandikwa kidijitali hakuifanyi iwe sahihi zaidi.

Probu ya umeme je?

Kwa uwezo wa kugundua badiliko dogo, hii ndo bora, na inaweza kukaa kwenye sampu (tangi la chini la vichujio) ikapima usiku na mchana. Faida yake kubwa ni kukuonesha kuyumba, unaona kabisa siku mashine ya kujazia maji iligoma. Inahitaji matunzo lakini. Kiputo kimoja kikiingia kwenye mdomo wa probu namba inashuka ghafla, itikise. Ikiota utando inasoma chini. Umeme unaovuja kutoka kwenye pampu au hita unaweza kuichanganya, jaribu kuzima kimoja kimoja uone namba ikiruka (na hita inayovuja umeme itupe, usiiache kwa ajili ya namba).

Hakikisha inarekebisha joto yenyewe, maana umeme kwenye maji hubadilika karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Kalibreti kwa maji ya 53 mS, kwenye kikombe kidogo, sio kuchovya ndani ya chupa.

Nina kile cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) cha kupimia maji ya kunywa.

Hapana. Hakikutengenezwa kufika huko juu. Kitumie kukagua maji yako ya RO.

Vifaa vyangu viwili vinapishana, niamini kipi?

Usiamini hata kimoja mpaka vyote vionje maji ya 35. Kimoja kinasoma 33 na kingine 36, usichukue wastani, wastani wa makosa mawili ni kosa la tatu. Na ukishajua kipi kiko sawa usirekebishe tangi siku hiyohiyo kwa pupa, kama viumbe wako wamezoea 32 kwa mwaka mzima wapeleke 35 taratibu.

Nimekuta chumvi haiko sawa, nafanyaje?

Imepungua, tuseme lita 200 ziko 32. Unahitaji gramu 3 kwa lita, yaani kama gramu 600 za chumvi. Usimwage chumvi kavu ndani, ikigusa tumbawe inaliunguza. Njia ninayoipenda ni kujazia maji yaliyopungua kwa mvuke kwa maji ya chumvi ya 35 badala ya maji baridi. Kila lita inaingiza gramu 35, kwahiyo lita 17 hivi zinamaliza kazi, na kama tangi linapoteza lita 4 kwa siku basi ni siku nne tano bila mtu kushtuka humo ndani.

Imezidi, tuseme iko 38. Toa kama asilimia 8, lita 16 kwenye hizo 200, weka maji baridi ya RO, ila ugawe kwa siku tatu. Moja kwa siku ni mwendo mzuri. Anza kwa kuangalia usawa wa maji kwanza, mara nyingine tangi limepungua tu na linataka kujaziwa.

Nipime mara ngapi, na maji ya wapi?

Tangi jipya kila siku mpaka ujue linakunywa maji kiasi gani. Baadae mara moja kwa wiki, na kila ndoo ya maji mapya kabla haijaingia. Pima usawa wa maji ukiwa kwenye alama yake, chota pale mkondo unapopita, sio karibu na bomba la kujazia. Maji mapya yapige pampu mpaka yawe maangavu kabisa, ukipima chumvi ikiwa bado chini ya ndoo utapata namba ndogo na utaongeza chumvi bure.

Nataka kutibu samaki kwa kushusha chumvi, kipimo gani kinafaa?

Hapa usicheze. Tiba ya madoa meupe ya baharini (ugonjwa wa samaki unaoletwa na kimelea) kwa njia hii inafanyika kwenye 1.009, kwenye tangi la pembeni lenye samaki tu, na inaendelea wiki kadhaa. Ukizidi kidogo kimelea kinapona, ukipungua zaidi samaki anaumia. Cha mkono wa plastiki kiweke kabatini. Tatizo ni kwamba kifaa ulichokikalibreti kwenye 35 kinaweza kukosea huku chini, kwahiyo tengeneza cha kulinganishia: gramu 100 za maji ya bahari ya kukalibreti ya 35 na gramu 200 za maji ya RO, unapata 11.7 ppt, ambayo iko karibu sana na hapo unapotaka. Tumia yale ya kununua ya maji ya bahari, sio yale ya chumvi ya mezani.

Chupa ya maji ya 35 inadumu muda gani?

Tarehe iko kwenye lebo, lakini kinachoiua ni kifuniko. Kila ikikaa wazi inapoteza maji na kukolea, na wewe unakalibreti kila kitu kwa maji ya 36 huku lebo inasema 35. Dondosha, funga, usirudishe tone lililobaki. Andika tarehe uliyofungua kwa maka ubavuni. Kwa probu nanunua pakiti ndogo za kutumia mara moja, nikikata natumia nusu kuisuuza probu na nusu kuikalibreti, alaf namwaga.